Mama Bustani Anajibu: Vuli Inanukia, Viroba Vyako Viko Wapi?

Haya wapendwa, barua zenu zimenifikia na nyingine nimezisoma nikicheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wakauliza kuna nini. Tupo mwishoni mwa Septemba, wale wa pwani na kaskazini vuli yenu ipo mlangoni, wale wa kanda ya kati na Nyanda za Juu Kusini nyie bado mpaka Novemba au Desemba huko, kwa hiyo ukisoma jibu la mtu angalia kwanza huyo mtu anakaa wapi. Wengi mnaharibu bustani kwa kufuata kalenda ya mwenzenu, unaona mtu kaposti karoti zake za Lushoto na wewe wa Temeke unakimbilia kununua mbegu mwezi wa pili. Twende.

SWALI: Shikamoo mama. Nimepanga Mbagala, uwanja tunachangia wapangaji wanne ila mwenye nyumba ameniruhusu niweke viroba vyangu pembeni ya ukuta. Nimechoka kununua mchicha kila siku na fungu linazidi kuwa dogo. Nataka kujua mwezi gani napanda nini, maana mwaka huu nilipanda vitu vingi kwa pamoja vikaota vizuri afu vyote vikafa. (Mpangaji, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Umefanya la maana kumwomba mwenye nyumba kwanza, kuna watu wanaotesha kimyakimya siku moja wanakuta kila kitu kimeng'olewa. Hujaniambia ulipanda mwezi gani ila nakisia Januari, mwaka mpya mambo mapya, na Januari kwa Dar ndo mwezi mgumu kuliko yote kuanza bustani, jua linachoma, maji ya bomba yanakuja kwa zamu, mche mchanga unapata shida bure.

Anza sasa hivi. Chukua kiroba cha kilo 50, kunja mdomo wake kwa nje mpaka kimo kiwe cha goti, changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza, kama udongo wako ni ule wa kunata ongeza mchanga au pumba za mpunga. Toboa matundu chini na pembeni maji yasituame. Samadi ya kuku ni nzuri sana ila mbichi ina moto, inaunguza mizizi, irundike, iloweshe, ifunike, iache mpaka ile harufu ya kuwasha pua iishe na ukiingiza mkono katikati usisikie joto, hapo ndo imekuwa mbolea.

Mvua za vuli zikishaanza, Oktoba kwenda Novemba, mwaga mchicha. Mbegu zake ndogo mno, ukizimwaga hivihivi zote zinaangukia sehemu moja, zichanganye na mchanga mkavu kama ujazo wa kiganja kisha unyunyize na ufunike na udongo kiduchu tu. Wiki ya tatu kwenda ya nne unaanza kula. Usiung'oe wote siku moja, ng'oa kwanza ile iliyobanana, inayobaki unakata juu unaacha kishina chenye majani mawili matatu na chenyewe kinachipua tena. Afu usimwage kiroba kimoja ukakaa, fanya vitatu ukipishanisha wiki mbili mbili, hapo ndo utajua raha ya kutoka nje na kisu wakati maji ya ugali yapo jikoni. Kipindi hichohicho omba marando ya matembele, mi sijawahi kuona mtu amenyimwa marando, na otesha bamia ili kiangazi kikikukuta tayari vina mizizi ya kutosha.

Januari na Februari usianzishe kitu kipya chenye majani laini. Kula matembele yako na bamia, mwagilia alfajiri na jioni baada ya saa kumi na moja, pata makuti mawili au neti kuukuu utengeneze kivuli. Masika, Machi mpaka Mei, shida inageuka, maji yanazidi, mvua inapiga udongo unarukia majani mchicha unaoza, kwa hiyo pandisha viroba juu ya matofali na uvisogeze mbali na pale maji ya bati yanapomwagikia. Mwezi wa tano katikati otesha miche ya nyanya na hoho kwenye makopo, mwezi wa sita hamishia kwenye viroba, na hapo mpaka Agosti ndo kipindi kitamu kabisa, nyanya, chainizi, figili, hata karoti fupifupi zinakubali. Watu wa Dar mna miezi mitatu ya ubaridi kila mwaka na mnaitumia kuvaa masweta tu!

SWALI: Mama habari za leo. Nyanya zangu zilikuwa zimeanza kuzaa, asubuhi moja nakuta mti umenyauka wakati majani bado ya kijani kabisa, nikadhani kiu nikamwagilia, kesho yake mitatu, sasa ni mstari mzima. Duka la pembejeo wameniuzia dawa ya ukungu nimepiga mara mbili hamna kitu. (Baba Wawili, Kihonda, Morogoro)

Pole sana kaka. Weka bomba la dawa chini kwanza kabla hujamaliza hela ya ada. Fanya hivi leo hii: ng'oa mti mmoja ambao umenyauka ila haujakauka, kata kipande cha shina karibu na mizizi, urefu wa kidole, chukua glasi ya kioo safi weka maji masafi, kining'inize kile kipande ncha yake moja iguse maji, usikitikise, shika kwenye mwanga uangalie. Ukisubiri dakika chache ukaona kitu cheupe kinashuka taratibu kama moshi wa udi ila unakwenda chini, basi huo ni mnyauko wa bakteria, na dawa ya ukungu haiwezi kufanya chochote, mdudu mwenyewe yupo ndani ya mishipa ya mti anaziba maji yasipande. Ndo maana unamwagilia na mti bado unaonekana una kiu.

Wengine wangekuambia ni kantangaze, yule mdudu wa nyanya, lakini kantangaze ungemjua, anachora njia nyeupe nyeupe ndani ya jani na kutoboa matunda, mti haunyauki ghafla hivyo.

Sasa dawa ya kuponya mti ulioshikwa haipo, nakuambia ukweli ili usiibiwe. Ng'oa iliyougua pamoja na mizizi na udongo ulioshikana nayo, tia kwenye mfuko, ichome au izike mbali kabisa, usiitupe kwenye rundo la mboji. Jembe ulilotumia hapo lioshe kwa sabuni kabla hujaingia nalo tuta lingine, maana huyu bakteria anasafiri kwa udongo na kwa maji, kama unamwagilia kwa mfereji na maji yanatoka tuta gonjwa kwenda tuta zima basi unampa lifti mwenyewe. Na hapo mahali usirudishe nyanya, wala bilinganya, nyanya chungu, pilipili, hoho au viazi mviringo, hao wote ukoo mmoja na wote anawala. Weka mahindi, vitunguu, kabichi, kwa miaka isiyopungua mitatu. Kama roho inataka nyanya lazima, pandia kwenye ndoo zenye udongo ulioutoa kwingine. Mama wa dukani usimgombeze sana, kwa kuelezewa tu mti umenyauka mtu anaweza kukosea, siku nyingine mbebee na mti wenyewe.

SWALI: Mama shikamoo, nina mipapai mitano, miwili imezaa mitatu inatoa maua tu yananing'inia, jirani anasema nipige msumari kwenye shina litazaa, shemeji anasema nikate kichwa. Nani mkweli? (Dada wa Kibaha)

Marahaba. Hakuna mkweli hapo, ila nakuelewa kwa nini wanabishana wakiwa na uhakika hivyo. Mipapai ipo ya aina tatu, dume, jike, na ule wenye vyote viwili kwenye ua moja. Dume utalijua kwa yale maua madogo mengi kwenye kikonyo kirefu kinachoning'inia, jike ua lake ni kubwa nene limekaa karibu kabisa na shina. Sasa kuna midume ambayo hali ya hewa ikibadilika, labda joto au ubaridi umezidi, inatoa na vipapai viwili vitatu vimening'inia kwenye hivyo vikonyo virefu, na kama wiki chache nyuma kuna mtu alipiga msumari basi sifa zote anachukua msumari. Mwaka mzima unaofuata mtaa mzima wanapigilia misumari.

Acha dume moja lichavushe majike, mengine kata, yanakula mbolea bure. Ukipanda tena weka miche mitatu kwa kila shimo, subiri mpaka yatoe maua, miezi kama mitano sita hivi, hapo ndo unachagua ubaki na mmoja. Na mbegu utoe kwenye papai refu siyo lile la duara, refu mara nyingi limetoka kwenye mti wenye vyote viwili, na kama hakuna dume karibu lililochavusha basi watoto wake wanatoka majike na yenye vyote viwili, madume hupati.

SWALI: Makonokono, mama. Makubwa ya kutisha, kila masika wanamaliza miche yote usiku mmoja. Nimemwaga chumvi lakini na mboga nazo zimekufa. (Tanga)

Chumvi inaua konokono na inaua na udongo, acha kabisa. Watoe usiku na tochi mvua ikishakatika, vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi maana wanaweza kubeba vijidudu vya maradhi, watumbukize kwenye ndoo ya maji ya chumvi ukiwa mbali na matuta, hiyo ndo kazi pekee ya chumvi hapa. Mchana laza vipande vya mbao au majani ya mgomba kwenye unyevu, wanajificha chini yake, asubuhi unafunua unawaokota. Majivu yanawazuia yakiwa makavu tu, masika yatakauka saa ngapi. Ukiweza kufuga bata wawili fuga, wadogo wadogo watawamaliza wao. Mboga za eneo hilo zioshe kwelikweli na uzipike.

SWALI: Assalaam alaykum dada yangu. Nna asumini kwenye pipa hapa Mji wa Kale, mwaka wa tatu huu, imejaa majani tele lakini maua ya kuhesabu. Namtilia samadi ya kuku kila mwezi. Binti yangu aolewa mwakani nataka vikuba, vile vishada vya asumini, mrehani na mkadi, vitoke kwangu. (Bi Mkubwa, Mombasa)

Waalaykum salaam dada, na hongera ya harusi in shaa Allah. Umemlisha mno! Samadi ya kuku kila mwezi inakuza majani, mti ukishiba hivyo hauna haraka ya kutoa maua. Simamisha samadi miezi mitatu hivi, tumia majivu kidogo ya kuni na mboji ya kawaida. Halafu angalia jua, nyumba za Mji wa Kale zimebanana na hilo pipa likiwa kwenye ua wa ndani linapata jua la saa mbili tu, asumini anataka saa sita za jua hivi, mpandishe darini kama kuna watu wa kukunyanyulia. Na miaka mitatu kwenye pipa moja mizizi itakuwa imejizungusha, mtoe, punguza mizizi ya pembeni kwa kisu kikali, mrudishe na udongo mpya.

Jambo la mwisho ndo kubwa, mkate. Maua yanatoka kwenye vijiti vichanga, kwa hiyo kila akimaliza kutoa wimbi moja la maua punguza kila tawi kama robo yake, atachipua na kila ncha italeta vitumba. Mwenyewe unajua kuchuma ni jioni vitumba vikiwa vyeupe bado vimefumba, vinafunguka usiku vikiwa tayari kwenye kikuba, ukisubiri asubuhi harufu nusu imeshakwenda. Mrehani otesha pembeni yake sasa hivi, yeye hana maringo, ila mkate maua yake mara kwa mara la sivyo anazeeka upesi. Mkadi nunua tu sokoni, ule hautoshi kwenye pipa.

SWALI: Habari mama, niko Kayole, nimepanda sukuma kwa magunia juu ya nyumba. Chini ya majani kumejaa vidudu vya kijivu vimeshikana, nikiosha vinarudi. Jamaa wa agroveti, duka la dawa za kilimo, anataka kuniuzia dawa kali na hizi ndizo watoto wanakula. (Mama Kayole)

Hao ni vidukari na wanapenda sana kipindi cha ukavu, mvua ikija watapungua wenyewe. Dawa kali usinunue, mboga unayochuma kila siku mbili siku za kungoja dawa iishe utazitoa wapi? Majani yaliyojikunja yamejaa wadudu vunja utupe kabisa usijaribu kuyaokoa. Yaliyobaki pindua, piga maji kwa nguvu upande wa chini, halafu kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni ukihakikisha inawagusa, rudia baada ya siku nne tano mara tatu hivi. Ukiona wale wadudu wekundu wa duara wenye madoa meusi usiwaguse, wanakula vidukari kutwa nzima bila malipo.

SWALI: Mama, Njombe huku mwezi wa sita na wa saba sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, imeniunguzia nyanya na pilipili zote, asubuhi nakuta majani meusi. Nikate tamaa ya bustani wakati wa baridi? (Kijana wa Njombe)

Usikate, badilisha mboga. Nyanya na pilipili hazina ngozi ya baridi hiyo, ila kabichi, sukuma, njegere, karoti na vitunguu saumu wao wanakaa humohumo, na karoti ya baridi mimi naona tamu kuliko zote. Nyanya sia mwishoni mwa Julai kwenye makasha, mchana yatoe juani jioni yaingize ndani, hamishia bustanini Septemba baridi ikishavunjika, utamwagilia mpaka mvua zifike. Ile siku unayoona mbingu haina wingu na upepo umetulia jioni, ujue alfajiri kuna kazi, mwagilia udongo mapema na ufunike miche kwa nyasi au magunia, funua jua likitoka.

Na wewe uko karibu na Kitulo, watu wanaiita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, maua yake yanachanua kipindi cha mvua kuanzia Desemba mpaka Aprili. Nenda ukatembee, hamna aliyemwagilia pale. Usichimbe kitu tu.

SWALI: Assalaam alaykum. Mie mzaliwa wa Unguja nipo Muscat, mama kaniletea mbegu za mchicha na bamia, nkazimwaga mwezi wa sita, mchicha ulitoa vijani viwili ukaungua. Ndo basi tena? (Mwana wa Unguja)

Waalaykum salaam mwanangu. Mwezi wa sita hapo joto linapita digrii 40, hata sisi tusingeota. Geuza mwaka wako kichwa chini, Oktoba ndo mwanzo wa mwaka wako wa bustani. Kwa hiyo umeniandikia wakati mzuri, tafuta mchanganyiko wa mboji maana udongo wa hapo ni changarawe tupu, chungu kiwe cha rangi ya kung'aa siyo cheusi, cheusi kinapika mizizi. Mchicha, nyanya, figili, kotmiri, vyote anza Oktoba kwenda Novemba, mpaka Machi utakula utagawa, Mei funga duka. Kiangazi bakisha bamia chini ya neti ya kivuli, na mlukhia, yaani huo ni mlenda hasa, wanastahimili joto kuliko wengine, mwagilia usiku. Kama una ndugu Salalah mpuuze akikupa ushauri, wao wana mvua zao za khareef kuanzia Juni na wanaotesha minazi na migomba, hamfanani.

SWALI: Mimi ni mzee mstaafu. Nilinunua mbegu za nyanya za F1, zikazaa sana. Nikahifadhi mbegu, msimu huu zimetoka ndogo, kubwa, nyingine ndefu, kila mti na tabia yake. Je, nimekosea kukausha? (Mwanza)

Shikamoo mzee wangu. Kukausha hujakosea, mbegu ya F1 ni chotara, watoto wake hawarudi kama mzazi, hiyo kila mwaka unanunua. Ukitaka ya kuhifadhi tafuta nyanya za kienyeji au mbegu zisizo chotara, zile ambazo zimezaliana zenyewe. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, ziache siku mbili tatu mpaka ule utelezi uachie, osha, anika kivulini juu ya sahani siyo karatasi, zinaganda. Mchicha ni rahisi zaidi, acha mashina matano bora yazeeke, yakikauka yapukuchulie kwenye ungo na upepete. Vyote tia kwenye chupa kavu yenye majivu kidogo, weka mbali na jiko, na juu ya chupa andika jina na mwezi, maana mbegu za mchicha na za mnafu ukizichanganya utazijua zikishaota.